Ubao Usio na Tundu

Jumamosi, 6 Januari 2024

Machimboni kulenga shabaha, saa nane mpaka mvua ilipotufukuza. Nimekuwa wa mwisho. Mimi! Na bunduki ya upepo ya marehemu baba, iliyofukuza ndege kuzumburu kwenye miti yetu ya plamsi tangu sijaota ndevu.

Wa kwanza Sharifu, kama kawaida. Bunduki yake imeungwaungwa kila mahali, kitako kakichonga mwenyewe kwa mti wa grevilea, lakini inapiga. Mwalimu Heri wa pili. Alifundisha fizikia miaka thelathini, kastaafu, sasa wanafunzi wake ni sisi wawili. Ana darubini mpya juu ya mtutu. Anaifuta kwa leso kila baada ya risasi moja.

Mwalimu alinicheka nilipotoa mizani. Ni ile ndogo niliyopewa na dalali wa mawe ya vito kule Mnazi, inapima hadi punje ya mchanga. Napima kila risasi kabla ya kuipiga. Nyepesi huku, nzito kule. Mwalimu akasema nizipeleke kliniki kabisa zipate na kadi. Sharifu alicheka mpaka akakaa chini.

Acheke tu. Risasi ni za kalibu yake, anayeyusha risasi ya betri chakavu pale gereji yake ya rejeta na kutumiminia sote watatu. Kichwa, kiuno, na sketi, ule upindo wa nyuma ulio wazi. Zinatoka nzuri, sikatai. Lakini kwa nini zake zinaruka vizuri kuliko zangu? Kalibu moja, chungu kimoja! Nadhani anachagua kwanza, sisi anatupa makapi.

Na jambo lingine. Kopo langu lilikuwa na risasi hamsini. Nyumbani nimejumlisha zilizobaki na nilizopiga, hazitimii. Sita hazionekani. Kopo lilikaa karibu na begi la nani? Nanyamaza.

Jumapili, 7 Januari

Kanisani. Mchungaji kahubiri juu ya jirani. Nilikuwa nafikiria kopo.

Baada ya chakula nimechukua sindano ya mke wangu Yusta, ile kubwa ya kushonea magunia, nikakaa nyuma ya jiko. Kila risasi nimeikwaruza mstari mmoja ndani ya sketi. Ukiitazama kwa nje huoni kitu. Atakayeiba sasa, nitamjua.

Yusta kanikuta. Kauliza nafanya nini. Nikamweleza. Akasema, Baba Klara, wewe hata Yesu angekuja kula hapa ungehesabu vijiko. Nikamwambia aniachie sindano.

Jumanne, 9 Januari

Nimeudhika mno. Niandike polepole.

Sharifu kaileta bunduki yangu jana jioni. Alikaa nayo tangu Jumamosi, kabadilisha wosha ya ngozi, kasema sasa inapumua vizuri. Sawa. Na mimi nina risasi nzito, nimezichambua zote za uzito mmoja kutoka zile nilizotia mstari. Sikutaka kuzijaribu machimboni wakiona. Nikaamua nizijaribie hapa hapa shambani.

Nimesimamisha ubao wa siling'i, ule wa dari, kwenye ngazi ya chini kabisa ya shamba, ukingoni, penye plamsi ya mwisho. Nyuma yake ni mahindi ya Jenoveva, jirani yetu wa chini, marefu, yameshabeba. Nikapanda juu mpaka kwenye parachichi. Nimehesabu hatua sabini, kama machimboni. Nikalala, nikainua shabaha kiganja na nusu juu ya alama, kama ninavyoinua machimboni siku zote kwa hatua sabini. Nimepiga kumi na mbili.

Nikashuka kutazama. Hakuna tundu hata moja! Ubao mzima, mweupe kama ulivyotoka dukani!

Mtu hakosi ubao wa futi moja mara kumi na mbili. Mtoto hakosi. Yusta hakosi! Nimeikagua saiti ya nyuma, ile ya kulengea, skrubu yake imekwaruzwa kidogo. Bunduki ilikaa kwa nani siku mbili? Ameikoroga. Aliona nakaribia kumfikia, akaikoroga. Mtu uliyekula naye Idi na Krismasi miaka ishirini.

Mvua ikaanza, nikafungasha. Ng'ombe wa Jenoveva analia vibaya tangu mchana. Nimemwambia Yusta labda anataka dume. Kasema dume la nini, yule ana mimba ya miezi saba.

Jumatano, 10 Januari

Makubwa. Ng'ombe wa Jenoveva kapigwa jicho. La kulia limekwisha.

Yusta kaleta habari kutoka kisimani. Jana mchana Jenoveva alikuwa anakata majani, akasikia kishindo bandani. Kukimbia, kakuta mnyama anajibamiza ukutani, damu inashuka mpaka puani. Leo asubuhi bwana mifugo kaja, Ibrahimu, kijana mtaratibu sana. Kachokonoa, katoa kipande cha risasi. Risasi ya upepo. Kasema jicho basi, sasa wanaogopa mimba, maana alivyoanguka alilalia tumbo.

Ndiye ng'ombe pekee wa yule mama. Mjane. Nimesikitika, kweli.

Kisha Yusta akasema kitu bila kukusudia. Jana, wakati anaanua nguo, alimwona Sharifu anapita njia ya chini, amebeba kitu kirefu begani ndani ya kiroba.

Kitu kirefu! Njia ya chini! Jumanne mchana!

Basi ndiyo hivyo. Mtu anayekoroga bunduki ya rafiki yake anashindwa nini? Alikuwa anawinda njiwa kwenye mahindi ya watu, akakosa, akapita zake. Nilikwenda kwa Mzee Selemani, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Nikampa shikamoo yake, nikakaa. Nikamwambia mimi simtaji mtu, nasema tu nilichoambiwa. Kiroba kirefu. Akauliza cha nani. Nikamtajia.

Akasema, Fanueli, una hakika? Nikasema mimi sikuona, ila mke wangu kaona. Ni kweli. Sijasema uongo hata neno moja.

Alhamisi, 11 Januari

Mwenyekiti kaichukua bunduki ya Sharifu. Iko ofisini kwake, ndani ya kabati la madaftari. Kesi itazungumzwa Jumatano, na ikithibitika, bunduki na kibali vinakwenda polisi, na kikundi chetu cha kupeana ng'ombe kitamtenga.

Wanasema Sharifu hakubisha sana. Kasema kirobani mlikuwa na bomba la maji la rejeta ya fuso, kamaliza. Kwa nini asibishe? Mimi ningepiga kelele mpaka Soni wasikie. Mtu anayenyamaza ana lake.

Rehema, mke wake, kakutana na Yusta sokoni. Yusta kamsalimu kwa Kisambaa, onga mshi. Mwenzake kapita kimya. Yusta karudi na kikapu nusu, hakumaliza kununua. Anaosha vyombo kwa nguvu.

Jumamosi, 13 Januari

Sikutaka kwenda. Nimekwenda, maana nisipokwenda watasema kwa nini sikwenda.

Mwalimu Heri alikuwa peke yake juu ya jiwe. Hakufuta darubini. Tumekaa kama watu wa msiba. Nikaona nimweleze, ajue mwenzetu ni mtu wa namna gani. Nikamweleza ubao, risasi kumi na mbili, hakuna tundu, saiti iliyokorogwa.

Mwalimu kasema, tuijaribu hapa. Tukasimamisha kipande cha boksi hatua sabini. Nimeinua kiganja na nusu kama siku zote. Nimepiga tano.

Zote tano ndani ya boksi. Zimekaa pamoja, ungezifunika na kifuniko cha chai.

Saiti haina kitu. Haijaguswa. Nimesimama pale na boksi mkononi.

Mwalimu akaniuliza taratibu, kule shambani ulipigia wapi? Nikasema kutoka parachichi. Kwenda wapi? Nikasema plamsi ya mwisho. Akasema, kuteremka? Nikasema shamba letu lote ni kuteremka, Mwalimu, hapa tuna tambarare gani.

Akachukua kijiti, akachora chini. Pembetatu, kama yuko darasani. Kasema risasi ikiruka, ardhi inaivuta, ndiyo maana tunainua. Lakini ukipiga kuteremka, inavutwa kwa ule umbali wa kulala tu, ule wa chini ya pembetatu. Siyo kwa urefu wa mteremko. Hatua zangu sabini za mlimani ni kama hamsini na kidogo za hapa machimboni. Mimi nikainua kwa sabini.

Nikamuuliza kwa hiyo? Akasema, kwa hiyo hukukosa ovyo, bwana. Ulipiga vizuri kabisa, zote mahali pamoja. Juu ya ubao.

Akafuta mchoro kwa kiatu. Kisha akauliza nyuma ya ubao kuna nini. Nikasema mahindi. Akauliza na nyuma ya mahindi?

Nilimwambia kuna mvua inakuja. Hakukuwa na mvua.

Jumapili, 14 Januari

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Yusta alipoondoka nilipanda mpaka penye parachichi. Ubao nilikuwa sijauondoa. Nikalala pale pale, majani bado yamelala. Nikatazama juu ya ubao.

Mahindi hayafiki kuziba. Kutoka huku juu unaona yanakoishia, halafu bati la banda, halafu nafasi kati ya bati na ukuta wa mabanzi. Nafasi ya mikono miwili hivi. Ndani yake giza. Giza likasogea. Alikuwa anatafuna.

Tangu mwaka juzi lile banda lipo pale. Nimesaidia kupigilia bati lake. Sikulifikiria hata mara moja. Machimboni nyuma ya shabaha kuna ukuta wa mwamba, tumezoea hivyo, unapiga na hufikirii inakokwenda.

Nimeuchoma ubao jikoni. Baadaye nikajiuliza kwa nini nimeuchoma, na nani kaona moshi.

Lakini bado si hakika! Naweza kuwa nimepiga juu, na Sharifu naye akawa amepiga. Watu wawili wanaweza kupiga siku moja. Bomba gani la rejeta lina urefu ule?

Jumatatu, 15 Januari

Jenoveva kaja. Kwa miguu yake, na kapu la maboga.

Nilikuwa napogoa. Nikamwona anapanda njia, nikataka kwenda chooni nijifungie. Kaniwahi. Kasema, Baba Klara, nimekuja kushukuru. Wengine wote walijua wakanyamaza, wewe peke yako umenisemea. Mungu akuone.

Mungu akuone! Nilishika mkasi wa kupogolea, sikujua niuweke wapi.

Nikamuuliza habari za mgonjwa. Kasema anakula kidogo, lakini anapishana na mlango, hajazoea jicho moja. Usiku wa Jumanne alikuwa naye mpaka alfajiri akimkanda tumbo. Anachoogopa ni ndama. Maana ng'ombe huyu kapewa na kikundi, na kwa utaratibu wa kikundi ndama jike wa kwanza humiliki wewe, unampa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni Rehema.

Nikasema Rehema yupi. Kama vile tuna kina Rehema kumi. Akasema Rehema wa Sharifu, huyo huyo. Ndiyo maana roho inamuuma zaidi, mtu kupiga ng'ombe aliyebeba ndama wa nyumba yake mwenyewe. Kasema labda hakujua anachokifanya. Anataka kumsamehe, lakini kwanza akiri.

Alipoondoka nimekaa chini penye matawi. Sharifu amesubiri ndama yule mwaka mzima. Banda lake limeshajengwa, mimi mwenyewe nililiona, nikamtania kwamba anajenga hoteli. Mtu huyo atawinda njiwa karibu na ng'ombe yule? Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Naona aibu, naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Maboga yako mezani. Yusta kauliza ya nini. Nimesema zawadi tu.

Jumatano, 17 Januari

Kikao. Kilifanyika kwenye banda la kukusanyia maziwa, madumu yamesogezwa pembeni. Watu wengi. Sharifu alikaa mbele na kofia yake nyeupe magotini. Rehema nyuma, macho chini.

Ibrahimu wa mifugo akaeleza. Kisha akafungua karatasi, akatoa kile kipande. Mwenyekiti akasema kizunguke, kila mwenye bunduki ya upepo akitazame. Mwalimu Heri alikuwa wa kwanza. Alikitazama kidogo, akanipa mimi bila kunitazama usoni.

Kichwa kimebonyea. Sketi nzima. Nikaigeuza kwa ukucha.

Mstari upo.

Mstari wangu, wa sindano ya magunia. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa nao kabisa, watu wote kimya, wananisubiri. Nikasema, sioni vizuri bila miwani. Nikampa Sharifu.

Yeye hana haja ya miwani. Akakiweka kiganjani. Akasema mara moja, kwa sauti, hii ni ya kalibu yangu. Minong'ono. Kisha akaigeuza, akachungulia ndani ya sketi. Kalibu yake haiachi mstari, anajua. Nani mwingine kwenye kitongoji hiki anaweza kukaa na kopo zima la risasi akizitia alama kama mbuzi? Alinyanyua uso akanitazama. Si kwa hasira. Kama mtu anayesoma kibao cha barabarani ahakikishe hajapotea.

Mwenyekiti akamuuliza, unampa nani risasi zako? Nikafumba macho.

Sharifu akasema, nazitengeneza mimi.

Basi. Hakuongeza neno. Akaulizwa tena, akarudia hivyo hivyo. Jenoveva akaanza kulia. Mwenyekiti kasema hataki kuamua kwa pupa, waje tena Jumamosi saa nne, kila mwenye la kusema aje nalo, baada ya hapo polisi.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya juu, nisikutane na mtu. Swali moja linanizunguka. Kwa nini hakunitaja? Anataka nini? Ananifuga? Anangoja nijitokeze mbele ya watu anicheke? Mtu habebi mzigo wa mwenzake bure. Lazima kuna kitu.

Alhamisi, 18 Januari

Yusta kajua. Kaikosa sindano, kaitafuta nyuma ya jiko, kaikuta pale nilipoiacha. Katokea mlangoni ameishika juu.

Kaniambia habari ya mstari imeenea, wanawake wanasema risasi ile ilikuwa na alama ndani. Kauliza kama ni sindano hii. Nikanyoosha mkono niichukue. Akasema, Baba Klara, na mimi ndiye niliyekwambia habari ya kiroba. Umenifanya shahidi.

Nikajaribu kumweleza jinsi Sharifu anavyoweza kuwa na hila, jinsi kunyamaza kwake kulivyo kwa ajabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, hujawahi hata siku moja kufikiri kwamba mtu anaweza tu kukupenda?

Ameenda kumkamulia Jenoveva, maana ng'ombe hataki kuguswa upande wa kulia na Jenoveva mkono umevimba. Mimi nimebaki na kuku.

Ijumaa, 19 Januari

Nilikwenda gereji mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa msikitini. Mara ya pili alikuwepo, nimeona miguu yake chini ya lori. Nikapita moja kwa moja kama niendaye benki.

Nimeandika maneno ya kusema kesho. Nimeandika mara nne kwenye karatasi. Kila nikisoma naona nimeanza na mteremko, pembetatu, hatua sabini. Ng'ombe anakuja mwishoni kabisa. Jina la Sharifu halimo hata kwenye moja.

Jumamosi, 20 Januari

Saa tatu na robo. Naandika chumbani, mlango umerudishwa.

Sharifu yuko sebuleni. Kaja mwenyewe! Nimemsikia akimsalimu Yusta, shemeji habari za asubuhi, kama siku zote. Yusta kampa chai. Nilitoka nikampa mkono. Mkono wake una joto, una harufu ya sabuni ya gereji. Nilisubiri aseme. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kofi.

Kasema amekuja tuongozane. Kasema anaona tabu kuingia peke yake mbele ya wale watu, Rehema amekataa kuja, na mimi ndiye ninayemjua kuliko wote pale. Kaniomba nikae karibu naye tu. Si lazima niseme neno, kasema. Nikae tu.

Nimemtazama usoni nitafute mtego. Nimetazama mdomo, macho, vidole kwenye kikombe. Mimi najua kutafuta, Mungu anajua. Sijaona kitu. Mtu aliyechoka, amenyoa ndevu kwa haraka, kajikata kidogo kidevuni.

Nikasema nakuja, nachukua miwani. Nikaingia humu.

Miwani ninayo usoni. Yusta amefungua mlango, kanikuta naandika, kaacha mlango wazi akaondoka. Kutoka hapa naona goti la Sharifu na kofia juu yake.

Ananiita. Kwa upole, asiwashtue majirani. Anasema, Fanueli ndugu yangu, saa inakwenda.

Nimemjibu bado kidogo. Ni mara ya tatu sasa namjibu hivyo, na kila mara anasema haya, usiwe na haraka.